Mabaka ya Bibi na Mrija wa Majirani

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule, hapa mtaani Musinzira, Gitega, na kikaratasi cha mwalimu wake. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kifaransa: teigne, asirudi darasani mpaka atibiwe. Mume wangu akakunja uso kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mimi nikamvuta mtoto mlangoni penye mwanga, nikazitenganisha nywele zake, nikaona kiduara kisicho na unywele hata mmoja, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikapiga kelele: "Barango!"

Jamani, nilivyofurahi! Mama gani anafurahia ugonjwa wa mwanawe? Lakini neno lile lilikuwa halijapita mdomoni mwangu kwa miaka mingi, na lilipotoka likawavuta wenzake wote: mba, choa, upele, ukurutu, chunjua, harara. Nikasimama pale nikiyataja kwa sauti, binti yangu akinitazama kama nimepandwa na pepo.

Ungekuwapo kwenye kambi yetu ya wakimbizi Tanzania ungenielewa. Kila Jumatatu asubuhi mwalimu wa afya alitupanga mstari, akatukagua vidole, shingo na vichwa. Kitabu hakuwa nacho. Alikuwa amechora magonjwa ya ngozi kwenye gunia la unga lililopasuliwa, akalitundika ukutani, akawa anagusa picha kwa fimbo nasi tunaitikia kwa nguvu zetu zote. Vipele vinavyowasha katikati ya vidole? Upele! Duara lenye ukingo uliovimba? Choa! Ngozi kavu inayopasuka na kutoa majimaji? Ukurutu! Kinundu kigumu kisichouma? Chunjua! Tuliruka kamba kwa majina hayo. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa bingwa, na hakuna aliyepita mbele yangu na doa bila mimi kulipa jina.

Picha ya mwisho, chini kabisa ya gunia, ilikuwa mtu mwenye baka jeupe begani. Ukoma, mwalimu alisema, akaanza kueleza namna ya kuutambua. Maelezo hayo sikuyasikiliza. Kengele ya uji ilikuwa imelia, na mimi na uji tulikuwa marafiki wakubwa.

Amani ilipokuja, tukarudi. Aliyekuwa ameingoja safari ile kuliko sisi sote ni bibi, mama yake baba. Kule kambini alitusimulia kila siku habari za kilima chake karibu na mji wa Muyinga: jinsi majirani wanavyokaa kuzunguka mtungi wa impeke, ile bia ya mtama, na kuchangia mrija mmoja, huyu ananyonya, anampa yule. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa maana ya kurudi nyumbani. Nyumba inaweza kuwa imeanguka, migomba inaweza kuwa imekatwa, mradi mrija umfikie. Sisi tuliozaliwa ng'ambo tulimcheka.

Jumapili ya kwanza baada ya kufika, jirani yetu, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili, alitualika sote. Mtungi ulikuwa katikati ya ua, unanukia uchachu na mtama uliokaangwa. Bibi akaketishwa mahali pa wakubwa. Watu walimshika mikono, wakamtajia majina ya waliokufa, wakalia kidogo, wakacheka. Kisha mrija ukamfikia. Alipoinama kunywa, kitenge kikamteleza, na pale begani mpaka shingoni nikaona mabaka meupe.

Bingwa angenyamazaje? Nikanyoosha kidole. "Bibi ana ukoma!" Na kwa kuwa walinikodolea macho tu, nikawatafsiria kwa Kirundi, kwa majivuno kabisa: "Imibembe!"

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Jirani alisubiri bibi amalize, akaupokea mrija, akauvunja, akautupa nyuma ya nyumba. Akaleta mwingine. Ukazunguka ua mzima, na bibi akarukwa. Jumapili iliyofuata alitengewa kikombe cha plastiki, pembeni, peke yake, na hivyo hivyo Jumapili nyingine mbili. Miaka yote ile ya kungoja, nami nimeifuta kwa neno moja! Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Bibi hakunipiga. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki," akaendelea kuchambua maharagwe.

Baba ndiye aliyekata shauri twende Gitega kwa shangazi, penye hospitali. Shangazi alikuwa anauza vitenge na alikaa Nyamugari, na mtaa ule ulinipagawisha! Kiswahili kila mlango, maandazi yakitoka kwenye mafuta, watoto wakigombana kwa lugha yangu. Nakiri kwamba kwa nusu saa nzima nilisahau kosa langu.

Kesho yake muuguzi mmoja, Mkongomani kutoka Uvira, alimkalisha bibi karibu na dirisha. Akasokota pamba kidogo mpaka ikawa na ncha.

"Mukecuru, bibi yangu, funga macho. Nikikugusa, unanionyesha ni wapi. Usinidanganye ju ya kunifurahisha, hein?"

Shangazi akaninong'oneza: baka la ukoma hufa ganzi, mwenyewe haisikii hata pamba. Lo! Ndicho nilichokikosa kwa ajili ya uji! Pamba ikagusa baka la kwanza. Kidole cha bibi kikapanda polepole, polepole, kikatua palepale. Baka la pili, palepale. La tatu, chini ya sikio, muuguzi aliligusa kidogo sana hata mimi sikuwa na hakika kama ameligusa, na bibi akasema, "Wanitekenya, mwanangu."

Niliruka nikapiga sinia la vyombo, likaanguka chini kwa kishindo. Hakuna aliyenikaripia. Muuguzi alilikwangua baka kwa kioo kidogo, ukatoka unga laini.

"Voilà. Hii si ukoma, ni mba tu. Atapakaa dawa, itaisha. Rangi itarudi polepole." Akaandika pityriasis kwenye karatasi, kisha akanigeukia. "We njo ulisema ukoma? Jina ya ugonjwa, mi siisemake mbele ya kugusa mugonjwa. Na we ufanye vile."

Tulirudi Muyinga na karatasi yetu kama watu waliobeba cheti cha ndoa. Jumapili baba akaisoma mbele ya mtungi. Jirani akakunja mikono. "Karatasi ni karatasi. Mi nitajuaje?"

Hapo miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikaokota unyoya wa kuku uani, nikamwomba bibi afunge macho. Nikagusa baka, akaonyesha. Nikagusa jingine, akaonyesha. Mara ya tatu nikauzuia unyoya hewani bila kumgusa, nikangoja.

"Bado hujagusa," bibi akasema. "Fanya upesi, kiu inaniuma."

Ua mzima ukaangua kicheko! Na kila mtu akataka kuguswa, wazee kwa watoto, foleni kabisa. Jirani mwenyewe alipofumba macho alipiga yowe kabla unyoya haujamfikia. Alipomaliza kucheka akaketi, akachukua mrija, akampa bibi. Bibi akanyonya, akamrudishia. Jirani akautia mdomoni bila kuufuta.

Sasa bibi hayupo, na jirani hayupo. Nikienda kule kilimani siku hizi nakuta kila mtu ameshika chupa yake, na ule mzunguko wa mrija mmoja umebaki kwenye harusi chache tu. Kiafya ni vizuri, siwezi kubisha, lakini nauona ua ule mtupu na moyo unaniuma.

Sikumwomba bibi radhi. Nilikuwa mtoto, nikadhani mambo yameisha kwa kuwa watu wamecheka. Lakini kila Jumapili, kabla ya kwenda kwa jirani, alikuwa akiniita chumbani, anashusha kitenge na kunigeuzia bega.

"Kuna kitu?"

"Hakuna kitu, bibi."

Aliniuliza hivyo mpaka mwaka wake wa mwisho, na ngozi yake ilikuwa safi miaka yote ile.