Nani Atabeba Misemo ya Walikale?

Mwaka ule ulikuwa wa sombe bila chumvi. Wazungu walikuwa wangali wanapigana huko kwao, na huku Masisi chumvi ikapotea madukani, tukawa tunakula majani ya muhogo yenye ladha ya majani. Huo njo mwaka nilioposwa.

Mchumba wangu alikuwa Mnyanga wa Walikale, mwindaji. Nilimjua kule Buleusa, nilikolelewa na shangazi yangu mpaka akafa, nikajua Kinyanga. Nilikuwa mzuri, sitaficha, na nilimtaka huyo, si mwingine.

Taabu ilikuwa wazee. Siku ya posa mzee wa heshima hasemi wazi. Anazunguka kwa misemo, na mwenzake anamjibu kwa misemo. Kiswahili wote walikijua, lakini kilikuwa cha kuuliza bei sokoni. Nani angeomba mke kama anayeomba ndizi? Basi Papa akatafuta mtu wa kubeba misemo ya Kinyanga kuitia katika Kihunde chetu.

Wa kwanza alikuwa katekista wetu. Alijua Kifaransa, hata Kilatini cha misa. Baba mkwe akasema neno refu la chui na mtego. Lilikuwa la kushukuru. Nililisikia vizuri nyuma ya ukuta wa matete. Katekista akalibeba vilevile lilivyo, kama mtu anabeba matofali. Baba zangu wadogo wakasimama wote.

"Anatuita nyama ya pori?"

Wakaleta mchuuzi wa mafuta ya mawese aliyezoea njia ya Walikale. Huyo akacheka mahali pa kunyamaza, akanyamaza mahali pa kucheka. Wageni wakaulizana, wetu wakaulizana. Hata mimi niliyejua lugha zote mbili sikujua tena nani amemkasirikia nani, na kwa nini. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikaa katika kibuyu, hakuna aliyeigusa.

Wageni wakaanza kuchukua mikuki yao. Papa akaja nyuma ya nyumba, jasho linamtoka.

"Mutoto, wewe njo unajua. Ingia, ubebe!"

"Papa, binti anaingia katika posa yake? Wewe mwenyewe ulinikataza."

"Ile ilikuwa asubuhi! Sasa bwana yako anaenda!"

Moyo wangu ulikuwa umeshatangulia naye njiani. Lakini nikiingia, kule kwao wataniitaje? Mwanamke aliyejiposa. Nikajibu kwa Kiswahili cha sokoni, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani:

"Mimi sitabeba maneno ya ndoa yangu na kinywa yangu!"

Baba mkwe akaegemeza mkuki wake ukutani, akakaa tena. Alikuwa amesikia, alitaka kusikia kwa baba yangu.

"Mukwe," akauliza, naye kwa Kiswahili kilekile, "mutoto anasema nini?"

Papa akarudi mbele, akatafuta msemo wa Kihunde, akakosa. Basi akabeba kwa Kiswahili cha sokoni.

"Mukwe, anasema: Mimi sitabeba maneno ya ndoa yangu na kinywa yangu."