Kibibi Kati ya Vyumba Viwili

Tabibu wetu wa watoto tulimpachika jina la Bi Maswali, na mwenyewe alilijua. Mama akileta mtoto anayelia tumbo, matabibu wengine huandika dawa ya minyoo kabla mtoto hajakaa kitini. Yeye alisugua viganja kwanza vipate joto, akampapasa mtoto huku akimtazama usoni, kisha akaanza: linauma wapi? Linauma muda wote au linakuja na kuondoka? Choo anapata? Anatapika? Foleni ikirefuka hadi nje, mimi muuguzi wake ndiye niliyekula matusi.

Kibibi aliletwa na mama yake pamoja na bibi yake mzaa baba. Alikuwa bado hajafikia umri wa shule. Tumbo lilimkata, likamwachia, likarudi tena, na choo chake kilikuwa kigumu kama kokoto. Kwingine walishampa dawa ya minyoo, wakampa na ya homa ya matumbo. Bi Maswali alimbonyeza taratibu. Tumbo lilikuwa laini, halina uvimbe.

"Na kingine?" akauliza.

Mama alimtazama mama mkwe wake, kisha akainamisha kichwa.

"Hakuna kingine," bibi akajibu.

Kingine kilijileta chenyewe. Walikuwa kwenye benchi la korido wakisubiri majibu ya damu, mara Kibibi akakakamaa, macho yakapinduka, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Bibi tayari alishachomoa kijiko mkobani, anahangaika kukipenyeza kati ya meno ya mtoto.

"Toa hicho kijiko!" Bi Maswali alifoka kutoka mlangoni. "Utamvunja meno!"

Tulimlaza ubavu, tukamlegezea nguo, tukasubiri. Alipotulia tukapima sukari, ilikuwa sawa. Joto, sawa. Malaria hakuna. Damu tu ndiyo ilikuwa pungufu.

"Kwa hiyo si mara ya kwanza," tabibu akamwambia bibi. Kijiko kile hakikuwa mkobani kwa ajili ya uji.

"Degedege tu, mwanangu," bibi alisema kwa unyonge. "Huyu mjukuu, mke mwenzangu, limemwanza juzijuzi. Tuliogopa. Watu wakisikia, watasema ukoo wetu una kifafa."

"Degedege mnalolijua huja na homa, mama. Homa iko wapi hapa? Haya, niambieni, lilianzia mkono upi?"

"Wa kulia," mama akasema.

"Wa kushoto," akasema bibi. "Wewe ulikuwa jikoni, uliona nini?"

Wakaanza kubishana. Bi Maswali alijishika kichwa.

Akawaandikia waende hospitali kubwa, na kwenye barua akasisitiza kwamba tumbo na kifafa vimeanza karibu wakati mmoja, tafadhali viangaliwe pamoja. Walikaa huko mpaka mama akakonda, wakarudi na chupa mbili. Chumba cha upasuaji kilisema tumbo halina cha kupasua, nendeni kwa wa kifafa. Wa kifafa walitoa dawa ya kifafa, wakasema tumbo si lao. Chupa ya pili ilikuwa ya kulainisha choo.

"Mtoto mmoja wamemgawana kama shamba la urithi!" Bi Maswali aliibamiza droo hadi kikombe kikaanguka. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa na hasira na hospitali, na bibi, na mimi niliyesimama karibu. Na Kibibi alizidi kupauka; hata kucheza alikuwa hataki.

Safari iliyofuata alibebwa na baba yake, mama na bibi wakifuata nyuma, kwa kuwa alikuwa hawezi kutembea kwa maumivu. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumwona huyo baba. Shati lake lilikuwa limeliwa matundu madogomadogo, kama limerukiwa na cheche. Bi Maswali alilitazama kwa muda.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Betri za magari. Nanunua mbovu, napasua, nayeyusha madini ya risasi yaliyo ndani, nauza."

"Wapi?"

"Nyumbani, uani."

"Na mtoto huchezea wapi?"

Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, kwamba Kibibi hupenda kulamba udongo.

Bi Maswali aliketi. "Maswali yote yale," akaniambia, "na hilo sikuuliza." Kisha akamgeukia baba: "Risasi ni sumu, na vumbi lake limeingia kwenye udongo anaoulamba."

Baba alikuja juu. "Unasema nimemlisha mwanangu sumu?"

"Sisemi umemlisha. Nasema sumu iko uani, na mikono yake iko mdomoni."

"Mbona mimi nazishika kila siku na ni mzima?"

"Tumbo halikusokoti? Choo unapata vizuri?"

Bibi, pamoja na huzuni yote, alishindwa kujizuia. "Mwambie ukweli! Ukiingia chooni sisi wengine tunajibana mpaka jua linazama!"

Simu ya hospitali kubwa ilipokelewa na mtu aliyeuliza kama tabibu ana uhakika, maana kipimo cha risasi kwenye damu hutumwa mbali na huchelewa. "Kama ningekuwa na uhakika ningekuomba kipimo?" Bi Maswali akamjibu. Hakukata simu mpaka akaahidiwa kitanda.

Majibu yalipofika, risasi ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kibibi alipewa dawa ya kuitoa mwilini, akalazwa muda mrefu. Baba alinung'unika, akanuna, lakini aliondoa betri zote, akakwangua udongo wa uani na kumwaga mwingine. Siku hizi huuza matairi.

Kifafa kimekoma na tumbo limetulia. Ila Kibibi amekuwa mzito wa kuelewa. Umwambie jambo mara mbili, mara tatu. Mama yake alituuliza kama atarudi alivyokuwa.

"Sijui, mwanangu," Bi Maswali alisema. "Tungejua mapema, ningekujibu vingine."

Mama aliitikia kwa kichwa, akamfunga mtoto mgongoni. Siku iliyofuata tabibu alikwenda kwa bwana afya kumtaka awazungukie wapasua betri wote wa mtaa ule. Akaambiwa gari ni bovu. Akamwuliza kama miguu nayo ni mibovu.