Injini Juu ya Mikeka

Baba yangu alivua vitu kwa foleni. Kila jioni alianza na kofia, akaiweka mwanzo wa benchi la barazani, upande wa kushoto. Kisha miwani. Kisha saa. Viatu vilikuja mwisho, kulia kabisa. Asubuhi alianzia kulia: viatu, saa, miwani, na kofia ikamalizia. Hata akifungua chupa ya chai, kifuniko kilikaa kushoto na kizibo kulia kwake. Mama yetu, Apoline, alimtania, "Wewe siku ukifa, malaika watakuvua kwa zamu." Data, kama tulivyomwita nyumbani, alijibu kwamba malaika wana kazi nyingi, atajivua mwenyewe.

Niliikuta tabia hiyo nilipozaliwa, na sikuwahi kujiuliza ilikuwa ya nini.

Jina lake lilikuwa Basile Manirambona. Aliendesha magari ya misheni hapa Kibondo miaka thelathini na mmoja, akibeba wagonjwa, masista na magunia. Hakuwa fundi, lakini zamani, kabla ya lami, gari likizimika katikati ya msitu dereva ndiye aliyelala chini yake. Alipostaafu alinunua Hilux kuukuu, na mdogo wangu Esperance alipochumbiwa na kijana wa Kasulu, Data alitangaza jambo moja tu kuhusu harusi: bibi harusi angepelekwa kanisani, kulekule Kasulu, kwa gari la baba yake, baba yake akiwa kwenye usukani.

Hakuomba kitu kingine. Mambo ya keki na vitenge aliwaachia wanawake.

Tatizo ni kwamba gari lilikuwa linakula oili na kutoa moshi wa bluu. Wiki tatu kabla ya harusi aliishusha injini na kuifungua uani ili abadilishe ringi za pistoni. Alitandika mikeka mitatu kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, akawa anatoa kipande na kukilaza, anatoa kingine na kukilaza kulia kwake. Hakuandika namba, hakufunga uzi, hakupiga alama ya chaki. Alipomaliza alifunika kwa shuka kuukuu, akapanda basi kwenda Kasulu kutafuta gasketi ya kuziba maungio ya injini.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo ninakofundisha. Siku hiyohiyo ilifika habari kwamba wakwe wangetutembelea kesho yake, watu kumi na wawili. Wakwe hawaketishwi kwenye udongo, na nyumba nzima ilikuwa na mikeka mitatu.

Nilifunua shuka. Vyuma vilikuwa vyeusi, vinanuka, vingine vinadondosha mafuta juu ya mikeka ya mama. Nikachukua beseni, sabuni ya unga na mafuta ya taa, nikaosha kipande kimoja kimoja mpaka vikang'aa. Kisha nikavipanga kama mwalimu: boliti pamoja na boliti, ndefu chini, fupi juu. Valvu zote nane kwenye sufuria moja. Pistoni nne kwenye karai. Mikeka niliisugua nikaianika. Nilijiona nimefanya kazi ya maana.

Data alirudi kesho yake, wakwe wakiwa wameketi. Aliwasalimia wote kwa adabu, akanywa nao, akacheka nao. Walipoondoka alikwenda nyuma ya jiko nilikoweka mabeseni. Alisimama pale muda mrefu, gasketi ikiwa mkononi.

"Umeviosha," alisema.

"Vilikuwa vichafu, Data."

"Ndiyo. Sasa ni visafi."

Hapo ndipo nilipoona. Benchi, kofia, miwani, saa, viatu. Ile mikeka ilikuwa daftari lake, na mimi nilikuwa nimelifuta.

Kesho yake alipita Gharibu, fundi wa gereji ya sokoni, akainama juu ya mabeseni.

"Mzee Manirambona, hii ni injini au unauza karanga?"

"Karanga ungeshakula. Inama uangalie."

"Hukuweka alama?"

"Vilikuwa kwenye foleni."

"Haya, foleni imevunjika. Si uangalie masizi? Kila valvu na masizi yake."

"Yameoshwa."

"Nani kaosha?"

Nilikuwa dirishani, nachambua mchele. Nilimsikia Data akisema, "Nimeosha mimi. Uzee."

Gharibu alicheka, akasema safari ijayo amwite mapema, yeye huosha vyombo kwa nafuu. Data naye alicheka.

Kuanzia siku hiyo nilikaa naye uani. Alinifundisha bila kunilaumu, kama vile nilikuwa nimekuja kujifunza. Kila fimbo ya pistoni ina kifuniko chake, alisema, vimechongwa pamoja na vimezoeana. Vinafanana kwa macho, havifanani kwa kucha. Alinipitishia ukucha wa kidole gumba kwenye maungio: ukikwama, si chenyewe. Tulibadilisha na kubadilisha. Tulipoteza siku mbili kwa pistoni nne. Valvu tuliziweka kwenye viti vyake, yale matundu zinayoyaziba, tukamimina mafuta ya taa, tukangoja kuona kama yanavuja. Sita zilituridhisha. Mbili zilivuja kidogo hata tulipozibadilisha mahali. Mwishoni Data alizisugua kwa mkono mpaka uvujaji ukakoma, lakini hakuwa na uhakika ipi ilikuwa ya wapi, na alilisema hilo zaidi ya mara moja.

Siku tatu kabla ya harusi injini iliwaka. Mama alipiga vigelegele jikoni. Moshi haukuwa wa bluu. Kwenye kopo zilibaki boliti mbili ambazo hatukujua zilikotoka.

Data aliliendesha mpaka njia panda na kurudi. Akafanya hivyo tena. Aliposhuka alivua kofia, akaiweka kwenye boneti, kushoto.

"Esperance atapanda gari la kukodi," alisema.

Esperance alitoka ndani na rola kichwani. "Data, mimi napanda humu humu. Hata likifia njiani, Makere."

"Ukikwama Makere na gauni hilo utakuwa kitu cha kutazamwa."

"Si linawaka?"

"Linawaka. Lakini silijui." Aligusa boneti kwa kiganja. "Sijawahi kumpakia mtu kwenye gari nisilolijua. Sitaanza na wewe."

Esperance alinitazama. Nadhani alijua nani aliyeosha, maana mikeka hujulikana na wote wa nyumba moja. Akaingia ndani akalia, halafu akatoka akaendelea na rola zake.

Siku ya harusi yeye alitangulia na mama kwenye Noah ya kukodi iliyopambwa riboni. Data alifuata nyuma na Hilux, amebeba masufuria na ile mikeka mitatu. Niliomba kukaa kando yake. Alinikatalia mara mbili, ya tatu akafungua mlango. Aliendesha polepole, redio imezimwa, kioo kimeshushwa, anaisikiliza injini. Kila mlima aliegesha, akangoja, akaendelea. Ilifika Kasulu bila kukohoa hata mara moja.

Tulipofika kanisani wimbo wa kuingia ulikuwa umekwisha. Baba mdogo ndiye aliyemsindikiza Esperance hadi mbele. Data aliketi benchi la nyuma, kofia kushoto kwake.

Gari lile lilitembea miaka minne zaidi. Hakuwahi kulizungumzia tena jambo la mabeseni, si kwangu wala mbele yangu, na mimi sikupata njia ya kuliombea radhi. Nilikuwa nikilianza moyoni kila likizo, kisha naondoka.

Mwaka jana figo zake zilichoka. Hospitalini nilikuwa namvua mimi: kofia, miwani, saa, navipanga juu ya kabati dogo la kando ya kitanda. Asubuhi moja muuguzi alikuja na kitambaa, akataka kuvikusanya vyote kwenye mfuko ili apanguse. Nilimwomba apanguse pembeni yake tu. Alinishangaa, akapangusa pembeni.

Nilidhani Data amelala. Alifungua jicho moja, akatazama kabati kutoka kushoto kwenda kulia.

"Naona siku hizi," alisema, "husogezi vitu vya watu."