Ukuta Ulioleta Boza

Shangazi yangu amefuta maneno ya watu kwa miaka ishirini na tisa, tena kwa mshahara. Ndiyo kazi yake manispaa: kila asubuhi anakabidhiwa ndoo ya rangi ya maziwa, brashi ya inchi nne na karatasi yenye orodha ya kuta zilizokosa adabu. Anakwenda, anazifunga mdomo, anarudi. Kazini wanamwita Mama Brashi. Mimi namwita Shangazi, tena kwa unyenyekevu, maana ana vidole vyepesi vya kufinya na hajali kwamba nimeshavuka thelathini.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ina viti viwili, kioo kimoja na mlango unaotazamana na ukuta mrefu wa ghala la manispaa, hivyo kila ninayemsuka husoma. Siasa nyingi ninazozijua sikuzitoa redioni, nimezitoa hapo ukutani: nani mwizi, nani mwongo, nani aondoke na nani arudishe. Tukisoma asubuhi, ikifika saa nne Shangazi ameshapita na mraba wake wa rangi.

"Shangazi, hao wanadai haki yao," nilikuwa nikimchokoza.

"Haki haidaiwi kwa mkaa. Huo ni uchafu. Mwenye neno aende ofisini akapeleke barua. Kuta zina masikio, sawa, lakini mie sijauona hata mmoja uliojibu."

Ubishi huo ulidumu miaka. Wateja walichukua upande kulingana na nani alikuwa ameshika kichwa chao, kwa hiyo mara nyingi nilishinda.

Kisha bomba la mtaa likakauka. Wiki ya kwanza tulisema litarudi. Wiki ya tatu nilikuwa naosha nywele za mtu kwa vikombe viwili vya maji, kimoja cha povu na kimoja cha kuomba radhi. Shangazi, ambaye ninaishi naye, hakuwa mtu wa kuhubiri asichokitenda. Alipeleka barua ofisini. Ilipokosa majibu akapeleka ya pili, halafu ya tatu. Zote zilipigwa muhuri wa kupokelewa, muhuri mzuri kweli, wa buluu. Maji hayakuja.

Ndipo asubuhi moja tukakuta ukutani, kwa mkaa, herufi zenye kimo cha mtu mzima: MEYA, BOMBA LETU LIMEKAUKA. WEWE UNAOGA WAPI?

Nilicheka hadi kitana kikanidondoka. Mteja wangu alicheka hadi nikamvuta nywele, na bado akaendelea kucheka.

Shangazi alifika na ndoo yake, na nyuma yake msimamizi mpya. Huyu tulimwita Rula, kwa sababu hupima kila kitu, hata sabuni ya kunawia. Alitembea ukuta mzima akihesabu hatua.

"Mama," akasema, "nimeona mnavyofanya. Neno dogo, mnapaka mraba mkubwa. Huo ni ufujaji. Kuanzia leo rangi ipakwe penye maandishi tu. Pasipo na maandishi, brashi isiguse."

"Penye maandishi tu?" Shangazi akauliza.

"Tu."

"Haya, baba."

Sasa mjue kwamba ukuta ule haukuwa umeoshwa kwa miaka kumi. Vumbi na moshi wa magari vilikuwa vimeufanya wa kahawia, pamoja na miraba ya zamani ya Shangazi, kama viatu vya shule siku ya Ijumaa. Rula akaondoka. Shangazi akachovya brashi, akaanza na M. Akaifuata miguu yote minne ya ile herufi, asizidishe wala asipunguze. Akaenda kwa E. Mkono wake umetulia, na kila kona aliikata kwa makali ya brashi. Alipomaliza alama ya kuuliza na kitone chake, akarudi nyuma hatua tatu kutazama, nami nikatoka saluni kutazama naye.

Yesu na Maria! Mkaa ulikuwa umenong'ona tu. Sasa maneno yaling'aa, rangi ya maziwa juu ya kahawia, kwa mwandiko safi wa manispaa, na yalisomeka kutoka kituo cha basi. Hata mzee asiye na miwani aliyasoma, na akayasoma kwa sauti. Magari yakapunguza mwendo. Muuza chai wa pembeni alilazimika kukaa chini.

Rula alirudi mbio, macho yamemtoka.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta."

"Umeandika!"

"Nimefuta, baba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimelisikia, na guu langu hili hapa, zima." Akaliinua.

Jioni nilimbana aniambie kama alifanya makusudi. Akasema yeye ni mtumishi wa umma, akajifunika uso na mtandio, mabega yakawa yanatikisika.

Kicheko kilikatwa na barua kutoka ofisini. Ukuta uwe umesafishwa ifikapo Jumatatu saa sita mchana, la sivyo Shangazi hana kazi, wala kiinua mgongo. Na alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Miezi minane, baada ya miaka ishirini na tisa! Niliona uchungu, nikajuta hata kile kicheko. Zaidi ya hapo, kupaka tena kusingesaidia kitu, kwa sababu ukuta mzima ulihitaji rangi, na rangi haidumu juu ya vumbi la miaka kumi. Kanuni zinasema ukuta uoshwe kwanza. Maji ya kuoshea hayakuwepo, kwa hiyo Rula mwenyewe alitia saini fomu ya kuomba boza, lile lori lenye tangi la maji.

Boza lilifika Jumatatu asubuhi. Dereva hajavuta breki, foleni ya ndoo imeshapinda kona. Nani aliwaita, sijui. Mtaa una pua.

"Haya ni maji ya ukuta!" dereva akapiga kelele.

"Na ukuta ni wetu!" akajibiwa.

Shangazi alisimama na mpira wa maji mkononi. Akiwapa watu, ukuta unabaki mchafu na kazi imekwenda. Akiuosha ukuta, maji yanatiririka mtaroni mbele ya mama aliyebeba kichanga na beseni la nepi za siku nne. Nilimwona akimtazama yule mama, kisha akiutazama ukuta, kisha tena mama.

"Tekeni," akasema. "Lakini mkishafua, mkishaosha vyombo, mkishaoga, povu lote lirudi hapa. Asimwage mtu hata kikombe!"

Jamani, sijawahi kuona asubuhi kama ile. Watu walioga kama wanaokimbizwa. Povu likaanza kurudi, la nepi, la masufuria, la shampuu yangu, la suruali za mafundi gereji. Kila mwenye ufagio alisugua. Wazee walisimamia wakitoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Mimi nilisugua sehemu ya MEYA kwa raha zangu zote. Kahawia ikashuka mtaroni, na chini yake ukuta ulikuwa na rangi ileile ya maziwa, kwa hiyo herufi za Shangazi zikapotea zenyewe ndani ya usafi. Saa tano ukuta ulinukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Rula alikuja, akapapasa, akaangalia ndoo ya rangi. Imejaa vilevile.

"Hata tone halijatumika!" Nusura amkumbatie Shangazi. Siku hiyohiyo akatoa agizo: maandishi yakionekana pale, liletwe boza, ukuta uoshwe, rangi isiguswe.

Mtaa wetu si wa wajinga. Jumatatu iliyofuata ukuta ulikuwa umeandikwa. Boza likaja. Jumatatu nyingine, tena. Mwandishi wa mara hiyo alikosa hata la kulalamikia, akaandika tu MEYA, HUJAMBO? Boza likaja vilevile, na tukaoga.

Ofisini wakanusa. Likabandikwa tangazo: atakayekamatwa akiandika, jela miezi sita, akiwa mtumishi wa manispaa, afukuzwe bila kiinua mgongo. Askari wawili wakakaa pale wiki mbili wakinywa chai. Ukuta ukabaki mweupe, na ndoo zetu kavu. Askari walipoondoka, woga waliotutia haukuondoka nao.

Jumatatu ile watu walikuja na ndoo kwa mazoea tu, wakapanga foleni mbele ya ukuta usio na neno.

"Andika wewe."

"Mimi nina watoto. Andika wewe."

"Mimi mwandiko wangu mbaya."

Shangazi akapita akielekea kazini, amevaa ovaroli lenye nembo ya manispaa mgongoni. "Mnangoja nini?"

"Mwandishi," muuza chai akasema.

Shangazi akainama kwenye gunia la muuza chai, akachagua mkaa mrefu. Nikatoka mbio, mteja wangu amesukwa nusu kichwa yuko nyuma yangu.

"Shangazi! Imebaki miezi saba tu!"

"Kuhesabu najua."

Mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, akaandika: BARUA TATU NIMELETA. HII NI YA NNE.

Vigelegele vilisikika hadi kituoni. Yeye akajipangusa kwenye ovaroli, akaenda moja kwa moja ofisini, nasi tukimfuata.

"Ukutani kuna maandishi," akamwambia Rula. "Naomba boza."

"Umemwona aliyeandika?"

"Nimemwona. Tena namjua. Nitamtaja watu wakishateka."

Boza likaja, na Rula juu yake akiwa na fomu. Alisimama kando akisoma ukuta wakati watu wanateka. Ndoo ya mwisho ilipojaa, akatoa kalamu.

"Haya. Jina."

"Ni mimi," Shangazi akasema, akanyoosha viganja vyake vyeusi.

Rula alivitazama vile viganja. Barua zote tatu zilipita mezani kwake alipokuwa bado karani wa kupokea barua, na ule muhuri wa buluu ni yeye aliyeupiga. Akaweka fomu juu ya goti, na kwenye nafasi ya jina akaandika kwa herufi kubwa, sote tukiona: HAJULIKANI. Kisha akaikunja, akasogea karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninayo ndoo ya kumwazima akinge yaliyobaki tangini, maana kwake pia bomba halijatoa tone tangu mwezi uliopita.