Nyimbo za Kutwa Mara Tatu

Mwezi uliopita nililala katika hoteli moja pale Karatu, zile za watalii waendao kreta, kwa gharama ya mwanangu aliyetaka nipumzike. Asubuhi nikiwa naenda kunywa chai nikakuta jiwe la kusagia limewekwa mlangoni, shimo lake limejazwa udongo na kupandwa maua. Nilisimama hapo mpaka kijana wa mapokezi akaniuliza, "Mama, kuna shida?" Nikamwambia hakuna. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba nyumbani kwetu, mwendo mfupi tu kutoka pale, jiwe kama lile lilikuwa na wimbo wake, na wimbo huo tulimpimia mdogo wangu kama vidonge?

Basi acha nikueleze wewe, maana umekaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilipoadimika tukawa tunafulia magadi, na sukari tukaiona Krismasi tu. Lakini njaa hatukuijua. Mahindi yalikuwepo, maharage yalikuwepo, na ng'ombe wetu watatu walitupatia maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, tukayamimina juu ya kande za jana. Mashine ya kusaga ilikuwa mbali na mara nyingi haikuwa na dizeli, kwa hiyo bibi alisaga mtama kwa jiwe, amepiga magoti, mgongo unakwenda na kurudi. Hakuweza kusaga bila kuimba. Mama naye hakuweza kukamua bila kuimba, na baba alipiga mluzi nyuma ya plau. Jirani yetu alizoea kusema kwamba kwetu hata kuku wana sauti ya kwaya.

Wimbo wa jiwe ulikuwa wa kuulizana na kujibizana. Bibi aliuliza kwa Kiiraqw, unga huu ni wa nani, na jibu lilikuwa, wa mama. Mdogo wangu, msichana wa miaka mitano, alikuwa amejitwalia jibu hilo. Ukimtangulia alikung'ata, na alama ya meno yake ninayo mkononi mpaka leo.

Siku ya kubeba mahindi kutoka shambani, punda alichomwa na nyuki akarusha mateke, na mdogo wangu alikuwa nyuma yake. Kwato ilimpata juu ya sikio. Hakulia. Jirani akawasha trekta lake, wakampeleka hospitali ya misheni, na huko akalala siku tisa bila kufumbua macho. Walipoturudishia ilikuwa wiki ya sita. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika kifuani, shingo haikubeba kichwa, na macho yalitazama pembeni kama ya mtu anayengoja mgeni. Uji tulimlisha kwa kijiko kidogo, na nusu yake ilirudi. Alikuwa hasemi neno lolote. Mama alikuwa na ombi moja tu na hakuona haya kulitaja mbele za watu: hata asitembee, asishike jembe, asiolewe, ila aniite mama hata mara moja.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, muuguzi mmoja mama mtu mzima alituambia tumwimbie. Alisema amewaona watoto walioumia kichwa wakishindwa kuzungumza lakini wakafuata wimbo, hasa ule waliouzoea kabla ya kuumia. Bibi alimsikiliza kwa makini sana, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kijijini kwetu angeuliza hospitalini: mara ngapi? Foleni ilikuwa ndefu, muuguzi alikwishashika cheti cha mgonjwa mwingine. Akajibu kama alivyomjibu kila mtu asubuhi ile, "Kutwa mara tatu, bibi."

Usimcheke bibi yangu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mtoto wa jirani alikunywa klorokwini zote alizopewa kwa mkupuo mmoja ili apone haraka, na nusura wamzike. Tangu hapo bibi aliziogopa dawa za hospitali kwa heshima, na msemo wake ukawa kwamba dawa ikizidi ni sumu. Kama wimbo umeandikwa na hospitali, basi wimbo ni dawa.

Kwa hiyo asubuhi ng'ombe wakitoka, mchana kengele ya shule ikilia, na jioni ng'ombe wakirudi, bibi alipiga magoti penye jiwe, mama akampakata mdogo wangu karibu yake, na wimbo ukaimbwa mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya chakula, si tumbo tupu. Na wimbo ukiisha, umeisha. Mama alikatazwa kuimba akikamua. Baba aliacha mluzi. Mimi nilichapwa kofi kwa sababu nilikuwa nikipukuchua mahindi huku nikiimba chinichini pambio la Jumapili. "Unataka kumuua?" bibi aliniuliza, na hakuwa anatania. Nyumba ile iliyosifiwa kwa kuku wenye sauti ya kwaya ikawa kimya, unasikia mtama tu ukisagika.

Mwezi wa tatu wa dawa hiyo, jioni moja, bibi akauliza unga ni wa nani, akanyamaza kuvuta pumzi, na ndani ya kimya kile mdogo wangu akajibu. Sauti ilikuwa nzito, imekwaruza, neno nusu. Ila lilikuwa mama.

Mama alimshika uso kwa mikono miwili. "Niite tena, mwanangu. Mimi hapa." Mtoto akatazama pembeni. Bila wimbo hakuwa na neno. Mama akamgeukia bibi. "Mama, naomba uimbe tena. Mara moja tu."

"Ya leo imekwisha," bibi akasema. Machozi yalimtoka akiwa anasema hivyo, mimi nilimwona. "Tumefika hapa kwa kufuata kipimo. Unataka tumharibu sasa?"

Mama alikuwa mkwe katika nyumba ile na hakubishana. Ila usiku mmoja haukupita bila yeye kupata wazo, na asubuhi aliniketisha niandike barua kwa muuguzi, kuuliza kama dozi inaweza kuongezwa. Yeye alikuwa anasoma elimu ya watu wazima, bado anahangaika na silabi. Muuguzi alikuwa amehamishiwa Wasso, huko Loliondo, ng'ambo ya kreta na mbuga. Barua tukampa dereva wa lori, na mvua kubwa zikaanza siku ileile.

Tulingoja. Mara tatu kwa siku mdogo wangu alijibu, siku nyingine vizuri, siku nyingine midomo tu. Kisha kifafa kikaanza. Kilikuja na kuondoka, na kila kilipoondoka kilichukua kitu, kwanza kumeza, kisha lile neno. Barabara ilikuwa tope tupu, hata trekta la jirani lilikwama. Asubuhi moja, ng'ombe wakiwa bado hawajatoka, kilikuja na hakikumwachia.

Jibu lilifika wiki mbili baada ya mazishi. Tulikuwa tumekaa kibarazani tukichambua maharage, bibi, mama na mimi. Niliisoma kimya kwanza. Muuguzi alituandikia kwamba hakuna kipimo. Mwimbieni kutwa nzima, aliandika, mkiwa kazini, mkiwa mnakula, kila mtu na wimbo wake. Na kama ameanza kujibu, basi msinyamaze kabisa.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikamwambia, "Anasema tulifanya sawasawa. Anasema isizidi mara tatu."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage yake. Mama akanyoosha mkono, akaichukua barua. Niliona midomo yake ikitembea pole pole kama walivyofundishwa darasani, silabi kwa silabi, mstari hadi mstari. Ilimchukua muda mrefu sana. Alipofika mwisho akaikunja mara nne, akaitia kifundoni mwa kanga.

"Ndivyo inavyosema, mama," akamwambia bibi.

Hatukuizungumzia kamwe, mimi na mama. Bibi aliishi miaka saba zaidi na akafa akiamini hakukosea. Mama alimfuata wakati nyumba imekwishaezuliwa na shamba limegawanywa viwanja. Siku hizi naijua ile barua kwa moyo, na naweza kuisema kwa sauti kubwa katikati ya Karatu, neno kwa neno, na hakuna hata mtu mmoja aliyebaki wa kuumia.