Kiti cha Chini ya Dirisha

Rafiki yangu Dirisha ana viti viwili sebuleni kwake, na miaka yote niliyomtembelea hakuwahi kukalia hata kimoja. Televisheni huitazama akiwa chumbani, ukingoni mwa kitanda, kupitia mlangoni. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia mtu wa mashine hakai na watazamaji. Jumba letu la sinema lilifungwa miaka ishirini na miwili iliyopita, mashine yenyewe ikauzwa chuma chakavu, lakini yeye bado yuko kazini. Nimeishi na watu wengi wenye vichwa vigumu, nikiwamo mimi, na sijaona wa kumfikia.

Jina la Dirisha tulimpa sisi. Chumba chake cha mashine kilikuwa nyuma ya ukumbi, juu ya safu ya mwisho, na kilichoonekana kwake ni nusu uso tu kwenye kidirisha cha kutolea mwanga. Mimi naitwa Tochi kwa sababu tochi ndiyo iliyonilisha: nilikuwa nawapeleka watu kwenye viti vyao gizani. Wa tatu wetu alikuwa mke wa Dirisha, shemeji yangu, aliyeuza tiketi kwenye kibanda cha mlangoni. Watu mia nne waliingia mle kwa wiki nzuri, na wote walipita mikononi mwetu watatu.

Picha ikishaanza, shemeji alifunga kibanda na kwenda nyumbani. Hivyo ndivyo Dirisha alivyoamini. Alipenda kututania: "Nimeoa mwanamke ambaye hajawahi kutazama hata picha yangu moja." Tulicheka. Shemeji alipofariki, miaka minane sasa, aliendelea kuyasema maneno hayo hayo, ila kicheko hakikuwapo tena. Ukimtembelea, chai haijapoa, atakwambia.

Sasa nikuambie nilichokijua mimi. Mwenye jumba alikuwa amekataza wafanyakazi kukaa kwenye viti vya wateja, na Dirisha alikuwa mkali kuliko mwenye mali. Siku moja nilimsikia shemeji akimuuliza kama akimaliza tiketi anaweza kuingia akae. Akamjibu mbele yangu: "Ukikaa wewe leo, kesho watajaa shangazi zako." Shemeji akacheka tu. Kesho yake, taa zilipozimwa, nikamkuta safu ya mwisho, kwenye kiti kilichokuwa chini kabisa ya kidirisha, mahali ambapo mtu wa mashine hawezi kuona hata akichungulia vipi. Akanikamata mkono. "Shemeji, usimwambie. Akijua nipo hapa mikono itamtetemeka, aharibu picha ya watu." Nikaahidi. Alikaa pale miaka tisa, na kila siku alitoka dakika chache kabla ya taa kuwaka, ili mumewe amkute nyumbani.

Nikaitunza ile ahadi hata baada ya kumzika. Mwanzoni niliona ni heshima. Baadaye nikaona aibu, maana ukishamficha rafiki jambo kwa miaka mingi hivyo, unaanzia wapi kumwambia?

Wiki iliyopita akanipigia simu. Mjukuu wa mwenye jumba alikuwa amekuta mkanda mdogo kwenye masanduku ya babu yake. Siku ya mwisho ya sinema, tiketi ziliisha mapema, na jamaa mmoja wa familia alisimama mbele karibu na pazia na kuwapiga watu picha kabla taa hazijazimwa. Mjukuu huyo akautengeneza ule mkanda uingie kwenye kompyuta, akamtumia Dirisha kwenye laptopu aliyonunuliwa na mwanawe.

"Tochi, kuna mwanamke safu ya mwisho," aliniambia. "Chini ya dirisha langu. Kwenye laptopu ni mdogo kama punje ya mahindi. Moyo unaniambia ni yeye, akili inaniambia acha upuuzi. Wewe ndiye uliyewakalisha watu. Njoo uniambie, kabla hujaenda."

Nilikuwa na siku tatu tu. Binti yangu alikuwa anakuja kunichukua nikaishi kwake, mwendo wa siku mbili kwa gari, na kwa umri wetu safari kama hiyo haina tiketi ya kurudi. Tena mtoto wa jicho amenikalia macho yote mawili. Kwenye laptopu naona mwanga tu. Kwenye televisheni kubwa, nikisogea, namtambua mtu. Basi ikawa lazima picha itoke kwenye laptopu iingie kwenye televisheni, na iingie kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kuondoka, kwa sababu siku mbili za kwanza Dirisha alizimaliza kwa kupanga.

Nilifika saa sita. Alikuwa amefunga mapazia, amepanga vile viti viwili sambamba mbele ya televisheni, amefagia. Vikombe vilikuwa viwili pia, nikapitisha kidole, kimoja bado kina vumbi ndani, na nikajua ni muda gani hakuna mgeni aliyekunywa kitu mle. Nilikipanguza kwa shati langu.

"Keti," akasema, akaingia chumbani na kuufunga mlango.

Nikakaa peke yangu gizani natazama televisheni tupu. Baada ya muda ikatokea picha ya ukumbi, viti, vichwa vya watu. Halafu picha ikaganda, ikakatika vipandevipande, ikazimika. Maandishi yakasema muunganisho umepotea.

"Vipi huko?" akauliza kutoka ndani.

"Imekufa."

Akatoka amekunja uso. Akazima televisheni, akaiwasha. Akazima laptopu, akaiwasha. Kile kisanduku cha intaneti akakichomoa ukutani, akahesabu mpaka thelathini kwa sauti, akakichomeka. Akahakikisha vyombo vyote viwili viko kwenye waifai moja, akisoma jina herufi kwa herufi kama karani wa mahakama. Picha ikaja. Akarudi chumbani, akafunga mlango. Picha ikafa.

"Huna waya?" nikamuuliza.

"Mwanangu alisema siku hizi hakuna waya."

"Na flashi?"

"Nimejaribu jana. Televisheni inasema haiutambui mkanda wangu. Ingewezaje, haikuwapo."

Akampigia mwanawe. Nilisikia kijana akisema upande wa pili, "Baba, niko kazini, zima halafu uwashe." Dirisha akamjibu kwamba amezima na kuwasha kuliko swichi ya taa za stendi ya mabasi. Mwanawe akacheka, akaahidi kupiga baadaye. Hakupiga. Dirisha aliiweka simu mezani uso juu, ili akipiga aone, na kila alipopita aliitupia jicho.

Ilipofika saa saba na nusu nilikuwa nimeshajua tatizo ni nini.

Sijui kitu cha kompyuta. Lakini kazi yangu yote ilikuwa milango na mwanga, na mtu wa namna hiyo haachi kuona. Mlango ukiwa wazi, picha ilisimama imara. Akiufunga tu, inakufa. Mlango wenyewe aliupiga bati zamani kwa sababu ya wezi, na nyuma ya ukuta, pembeni ya meza ya laptopu, lilikuwa limesimama kabati la chuma alimohifadhi makopo yake matupu ya mikanda. Alikuwa amejijengea chumba cha mashine. Laptopu ilikuwa inapiga kelele ndani ya sanduku la chuma, na televisheni huku nje haisikii. Mwingine yeyote angeiweka laptopu mezani sebuleni, akanywa chai yake. Dirisha hangeweza. Mashine haikai ukumbini, na mlango wa mashine hufungwa mwanga usivuje.

Nilijua, nikanyamaza. Nasema ukweli wangu. Nilikuwa naitazama saa na kuomba ifike tisa. Picha ikikataa, nitampa mkono, nitamwambia pole ndugu yangu, nitapanda gari, na ahadi ya shemeji nitaenda nayo. Hatanichukia. Nilimwona akitoka na kuingia, akitoka na kuingia, jasho limelowanisha kola, amebeba kitabu cha maelekezo ya televisheni alichokiweka kwenye mfuko wa plastiki tangu siku aliyoinunua, na mimi nimekaa kitako nakunywa chai yake.

Saa nane na dakika arobaini akasimama mlangoni. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Tochi, nisamehe," akasema. "Nimekuharibia siku yako ya mwisho. Miaka thelathini sijawahi kuwakatia watu picha, leo nakukatia wewe."

Roho ikanisuta.

"Lete mashine hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Kwenye stuli, mbele yetu. Kabati na mlango wako ndivyo vinavyoiua. Ukiacha wazi inakaa, ukifunga inakufa. Nimeiangalia saa nzima."

Akanitolea macho. "Saa nzima? Mbona hukusema?"

"Ilete kwanza. Gari linakuja."

"Mashine haikai ukumbini."

"Dirisha, hakuna ukumbi. Tuko wazee wawili na televisheni. Ilete!"

Sikuwahi kumfokea maishani. Akaingia ndani, akatoka ameikumbatia laptopu, akaiweka kwenye stuli. Akabonyeza, akachagua jina la televisheni, akangoja. Picha ikaja. Tukahesabu wote wawili, midomo inachezacheza bila sauti. Ilipita kumi, ikapita thelathini. Haikutikisika.

Watu walikuwa wamejaa hadi ukutani, wengine wamesimama. Kamera ikaenda taratibu kuelekea nyuma, na juu kabisa nikamwona yeye mwenyewe, nusu uso kwenye kidirisha. Akaisimamisha pale. Nikasogea mpaka pua karibu iguse kioo. Chini yake alikuwa amekaa mwanamke amejifunga kitambaa, amenyanyua kidevu, anatabasamu kama mtu anayesubiri chake.

"Ni yeye?" Sauti yake ilitoka nyuma yangu. Alikuwa amesimama, hakuthubutu kukaribia.

"Ni yeye."

Akavuta pumzi ndefu. "Alikuja kuaga jumba. Siku moja hiyo."

Ningeweza kuliacha hapo. Lilikuwa jibu zuri, na lingemtosha.

"Kila siku," nikasema. "Miaka tisa. Pale pale. Alinikataza kukwambia, alisema utatetemeka uharibu picha. Nimekuficha, na alipofariki nikaendelea kukuficha, na leo nimekaa hapa naona mlango wako unakata picha nikanyamaza, kwa woga. Nitukane ukitaka."

Hakunitukana. Alisogea taratibu, akapita mbele yangu, akaweka kidole kwenye kioo.

"Na hapa?" akauliza. "Watu wamesimama ukutani, na kiti cha pembeni yake kiko wazi. Ameweka mkoba."

"Aliuweka kila siku."

"Hukumwambia autoe? Kiti cha mteja kile!"

"Nilimwambia. Watu walinigombeza kwa sababu ya kile kiti. Alinijibu nikiulizwa niseme pana mtu anakuja."

Akageuka kunitazama. "Nani?"

Honi ya gari ikalia nje, ikalia tena, na bado alikuwa ananitazama, halafu nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, na nikatamani macho yangu yangekuwa mabovu zaidi.

Nikainuka. Nikatafuta fimbo yangu, nikamshika bega, akatikisa kichwa kwamba amesikia. Mambo niliyokuwa nimeyaandaa kumwambia kwa kuagana yote yalinikimbia. Binti yangu alikuwa ameshafika mlangoni, ananiita, "Baba, tutachelewa."

Nilipofika mlangoni niligeuka. Dirisha alikuwa amekaa. Mgongo wima, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amevua kofia yake, akaiweka kwenye kiti nilichokuwa nimekalia mimi.

"Baba Mkubwa, mbona gizani? Nikufungulie mapazia?" binti yangu akamuuliza.

"Acha," akasema bila kugeuka. "Na mlango uache wazi."