Mbuzi wa Mzunguko wa Mwisho

Siku ya kwanza kwenda kwa mwanangu Kilimani nilibeba kuku kikapuni. Mlinzi wa langoni akaniuliza kama kuku huyo atatulia ndani ya lifti. Nilimwambia ametulia kuliko mimi, na ilikuwa kweli.

Harusi yao sikwenda. Nilisema kijana ameoa nje ya watu wetu bila kuniuliza, nikabaki Kangemi nimenuna, huku majirani zangu wakienda Dagoretti kwa wazazi wa msichana, kula pilau ambayo ningeila mimi. Kosa lilikuwa langu, sina wa kumsingizia. Miaka ikapita hivyo, hadi mwanangu aliponipigia simu.

"Baba, Jumapili kuna mbio za magari, za mwisho za msimu. Kuja uone. Mke wangu ndiye huzipenda, mimi huwa nalala."

Mkewe alinipokea mlangoni akanyoosha mkono. Mimi nikaweka mikono yangu nyuma. Kwetu magharibi, mzee na mke wa mwanawe hawapeani mkono, wala hawakai kochi moja. Ni heshima. Ila siku ile heshima ilikuwa shuka tu la kufunikia kinyongo, na nadhani alilijua hilo. Aliurudisha mkono taratibu, akampokea kuku. Mimi nikavuta stuli nikaketi karibu na mlango. Mwanangu alikuwa tayari anasinzia kitini.

Kwenye televisheni magari membamba ya kiti kimoja yalikuwa yakikimbizana, magurudumu yametokeza nje kama miguu ya panzi, kwenye barabara ya mviringo iliyoinuka kingoni kama karai.

"Yanaenda wapi?" nikauliza.

"Yanarudi, baba."

"Safari gani hiyo!"

Mke wa mwanangu akacheka, akanieleza. Dereva aliyemshangilia alikuwa wa gari la buluu, na mpinzani wa dereva huyo wa gari jekundu. Atakayemtangulia mwenzake leo ndiye bingwa wa mwaka. Jekundu lilikuwa limeingia kujaza mafuta. La buluu lilikuwa limekataa kuingia.

Nimeendesha malori kwenda Malaba ujana wangu wote, kwa hiyo nilitoa hukumu. "Mafuta yatamwishia. Hafiki."

"Atafika, baba. Anayabana."

"Anayabana na nini? Sisi tulitia gia nyutro kwenye mteremko, lori likashuka lenyewe. Hapo mteremko uko wapi?"

"Baba, hilo si lori la kabichi."

Mwanangu akafumbua jicho moja. "Mnabishana? Basi mmepatana," akasema, akalala tena.

Zikiwa zimebaki raundi chache, magari mawili ya nyuma yaligusana na moja likabamiza ukuta. Dereva wake alitoka akipunga mkono, nasi tukashusha pumzi. Wote waliamriwa waende polepole hadi vyuma viokotwe.

"Anapumzisha mafuta!" mke wa mwanangu akapiga kelele. "Umeona, baba?"

Nilisogeza stuli nione vizuri. Nikaisogeza tena. Mbio zilipofunguliwa upya sikujua ni lini niliiacha stuli, ila nilikuwa kwenye kochi, na yeye kwenye kochi hilohilo.

Mzunguko wa mwisho, jekundu lilikuja kando ya la buluu, gurudumu kwa gurudumu. Mimi niliyesema hafiki ndiye niliyekuwa nikipaza sauti: "Kanyaga! Kanyaga, kijana!" La buluu lilivuka mstari likiwa mbele kwa pua tu. Halafu kwenye kona iliyofuata likazimika. Mafuta yameisha, lakini yameisha bingwa akiwa ameshashinda!

Tuliruka. Tukazunguka meza ya chai kama magari yenyewe. Nilipopata akili nilikuta nimemshika mke wa mwanangu mikono yote miwili.

Aliitazama mikono yetu. "Baba," akasema polepole, "na ile heshima?"

Nikaiachia kama sufuria ya moto. Mwanangu alikuwa ameketi wima, usingizi umemtoka wote.

"Baba! Umemshika mkono?"

"Ni gari hilo..."

"Hiyo ni mbuzi, baba."

Alisema kweli. Kwetu anayevunja mwiko huo huchinja mbuzi, na watu wa pande zote mbili humla pamoja ndipo kosa lifutike.

"Kuku hatoshi?" nikauliza.

"Kuku ulimleta kabla ya kosa," akasema mkewe. "Na mbuzi utampeleka Dagoretti. Wazazi wangu wamekungoja sana."

Nilirudi Kangemi jioni hiyo, maana mzee hulala kwake, nikicheka peke yangu njiani.

Jumamosi nilinunua beberu mweusi soko la Dagoretti. Alinivuta zaidi ya nilivyomvuta hadi kwenye lango la wakwe zangu. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama pale akitungoja. Nilimnyooshea mkono mwenyewe, mbele ya watu wote.

Yeye akaweka mikono yake nyuma.

"Karibu, baba," akasema. "Chinja kwanza."